Hesabu ya "saa ya mwisho": waliberali wa Uingereza walikosea wapi kuhusu mfanyakazi wa kiwanda cha pamba?

#1 Shafti Ndefu (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kila mjadala wa uchumi huria ukianza, upande mmoja unasema soko ndilo lililompa mfanyakazi mkate wa bei nafuu, na upande mwingine unasema bila sheria watoto wangeendelea kufia chini ya mashine. Naomba tuache maneno ya jumla, tukae na hesabu moja tu.

Mwaka 1837 Nassau Senior, profesa wa uchumi wa Oxford, aliandika kupinga wazo la kupunguza saa za kazi viwandani. Hesabu yake ni hii. Chukua kiwanda cha mtaji wa pauni 100,000: pauni 80,000 ni jengo na mashine, pauni 20,000 ni pamba na mishahara. Mauzo ya mwaka ni pauni 115,000. Kazi ni saa 12 siku tano na saa 9 Jumamosi, jumla 69 kwa wiki, yaani wastani wa saa 11 na nusu kwa siku. Hizo ni nusu saa 23. Kila nusu saa inazalisha 1/23 ya mauzo, yaani pauni 5,000. Nusu saa 20 za mwanzo zinarudisha ule mtaji wa 100,000. Nusu saa moja inafidia uchakavu wa jengo na mashine. Zinabaki mbili, ambazo ndizo faida safi, pauni 10,000.

Akahitimisha: ondoa saa moja kwa siku, faida safi yote imekwenda. Ondoa saa moja na nusu, hata fedha ya kufidia uchakavu imekwenda.

Miaka 10 baadaye Bunge likapitisha sheria ya saa 10. Viwanda vya Lancashire havikufa. Maswali yangu ni mawili. Kosa la hesabu liko wapi hasa? Na kwa nini waliberali, watu makini waliojali uhuru wa watu na wa soko, waliiamini?

#2 Mama Hesabu

Asante kwa kuweka tarakimu mezani. Kosa linaonekana ukiuliza swali moja: mashine zikisimama saa moja, pamba inaliwa na nani?

Senior amezigawa saa kana kwamba asubuhi kiwanda kinafanya kazi ya kulipia pamba ya siku nzima, na jioni kinatengeneza faida. Lakini kila nusu saa ina pamba yake, makaa yake na ujira wake. Ukipunguza saa, na pamba inayonunuliwa inapungua.

Nitengeneze mfano wenye mauzo yaleyale. Mgawanyo ni wangu, wa kuonyesha tu: mauzo 115,000, pamba, makaa na mafuta 60,000, mishahara 35,000, uchakavu na gharama zisizobadilika 10,000, faida 10,000.

Ondoa saa moja kati ya 11 na nusu. Uzalishaji unashuka kwa 2/23, mauzo yanakuwa 105,000. Pamba na makaa yanashuka hadi 54,783. Kama wafanyakazi wanalipwa kwa ratili ya uzi, mishahara inashuka hadi 31,957. Gharama zisizobadilika zinabaki 10,000. Faida: 8,260. Haijafika sifuri, imepungua kwa 17% hivi.

Kama mishahara imebaki palepale 35,000, faida ni 5,217. Hapo mwenye kiwanda ana haki ya kulalamika, lakini bado hafungi mlango.

Na hii ni kwa kudhani kwamba bei ya uzi sokoni haipandi viwanda vyote vikizalisha kidogo, na kwamba mtu wa saa 10 na nusu anafanya kazi kwa kasi ileile ya mtu wa saa 11 na nusu. Yote mawili yanabishaniwa.

#3 Daftari la Nne

Uzi kuhusu uzi, leo tumepata. Mama Hesabu, umenipa kitu cha kufundishia wiki hii.

Swali dogo: ina maana profesa mzima hakuona kwamba pamba inapungua?

#4 Mzee wa Kumbukumbu

@Daftari, kijana wangu, aliliona tatizo jingine la kweli na akalikuza kupita kiasi. Asilimia 80 ya mtaji wake ni jengo na mashine. Mashine iliyosimama bado inakula riba, na mashine mpya inazeeka hata ikiwa imelala, kwa sababu jirani ataleta iliyo bora. Ndiyo maana wenye viwanda walitaka izunguke muda wote. Hiyo ni hofu halali. Kosa ni kugeuza "faida itapungua" kuwa "faida itakwisha".

Lakini nimsahihishe mleta mada. Unasema "waliberali" kana kwamba ni mtu mmoja. Tazama:

Adam Smith, 1776, alisema wazi kwamba waajiri huafikiana kimyakimya wakati wote kuzuia ujira usipande, huku sheria ikiwaadhibu wafanyakazi wanaofanya vivyo hivyo. Akaongeza kwamba kanuni inayompendelea mfanyakazi huwa ni ya haki, na mfano aliotoa ni sheria ya kuwalazimisha waajiri walipe fedha taslimu badala ya bidhaa.

Sheria za 1799 na 1800 zilizokataza wafanyakazi kuungana zilifutwa mwaka 1824. Waliopigania ni Francis Place nje ya Bunge na Joseph Hume ndani, na mwanauchumi McCulloch aliwaunga mkono kwa kalamu. Wote ni watu wa soko huria. Huyohuyo Hume baadaye alipinga sheria za saa za kazi. Kwake lilikuwa jambo moja: serikali isimfunge mfanyakazi mikono, na isimfungie saa.

Macaulay, mwanasiasa wa Whig (kambi ya kiliberali) wa damu, mwaka 1846 alisimama Bungeni kuunga mkono saa 10. Hoja yake: siku ya mapumziko ya Jumapili haikuifanya Uingereza kuwa maskini, kwa sababu mashine iliyo bora kuliko zote ni binadamu, na anapopumzika anatengenezwa.

Kwa hiyo ugomvi ulikuwa ndani ya nyumba moja.

#5 Pamba Mbichi

Niwapeleke ndani ya chumba chenyewe, maana bila kuijua kazi huwezi kuelewa kwa nini sheria ya mtoto iligusa mwanaume mzima.

Mashine kuu ya kusokotea iliitwa mule. Ina gari refu lenye mamia ya spindeli (vijiti vya kuzungushia uzi), linatembea kwenye reli sakafuni. Linatoka nje kama mita moja na nusu likivuta na kusokota nyuzi zote kwa pamoja, kisha linarudi ndani likizizungusha kwenye spindeli. Linafanya hivyo mara kadhaa kwa dakika, siku nzima. Nyuzi zinakatika kila mara. Mtoto au kijana anayeunga anatembea na gari, anainama juu yake likiwa limesogea karibu na fremu, anachukua ncha mbili, anazisugua kwa kidole gumba na cha shahada, zinashikana. Mtoto mdogo zaidi anaingia chini ya nyuzi kufagia pamba iliyodondoka, naye lazima atoke kabla gari halijarudi.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: mara nyingi mtoto huyo hakuajiriwa na mwenye kiwanda. Aliajiriwa na msokotaji mwenyewe, akalipwa kutoka kwenye ujira wa msokotaji, ambaye alilipwa kwa uzito na unene wa uzi. Mwenye kiwanda anasema "mimi sina watoto", msokotaji anasema "bila watoto sifikishi idadi".

Kwa hiyo mtoto akiondoka saa 11 jioni, mule ya mtu mzima inasimama. Wanaume walilijua hilo. Walidai sheria kwa jina la wanawake na watoto, ambao sheria ya 1833 iliwawekea mipaka, wakijua injini ikizimwa wote wanakwenda nyumbani.

#6 Wakili wa Kata

Pamba Mbichi, maelezo ya mule ni mazuri sana, lakini wanawake hawakuwamo kwenye sheria ya 1833. Mfululizo ni huu:

1802: watoto wanagenzi tu, saa 12 kwa siku mwisho, kuta zipakwe chokaa mara mbili kwa mwaka. Wasimamizi wa kujitolea, walioteuliwa na mahakimu. Karibu hakuna kilichofanyika.

1819: viwanda vya pamba, marufuku chini ya miaka 9, na saa 12 kwa wa 9 hadi 16. Hakuna mkaguzi.

1833: marufuku chini ya miaka 9 (hariri ikasamehewa). Miaka 9 hadi 13, saa 48 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku. Miaka 13 hadi 18, saa 69 kwa wiki. Usiku, kuanzia saa 2:30 hadi saa 11:30 alfajiri, marufuku kwa walio chini ya 18. Shule saa mbili kwa siku kwa wadogo. Na kwa mara ya kwanza, wakaguzi wanne wa kulipwa.

1844: wanawake wanaingia kwenye sheria, saa 12 kwa siku. Watoto wa miaka 8 hadi 13 wanafanya nusu siku, saa 6 na nusu. Mashine zizungushiwe kinga, na mtoto asisafishe mashine inayotembea.

1847: saa 11, na kuanzia Mei 1848 saa 10, kwa wanawake na vijana.

Tazameni mwaka 1844: umri ulishushwa kutoka 9 hadi 8. Hayo yalikuwa mapatano: nipe saa, nikupe mwaka.

#7 Pamba Mbichi

Nimekosea, ni 1844. Asante Wakili.

#8 Gurudumu la Maji

Hakuna aliyegusa maelezo yaliyo baridi kuliko yote. Mwaka 1977 mwanauchumi Howard Marvel alidai kwamba sheria ya 1833 iliwanufaisha wenye viwanda vikubwa vya mvuke dhidi ya viwanda vya maji.

Fikirieni kiwanda cha kijijini kinachoendeshwa na mto. Kiangazi maji yanapungua, gurudumu linasimama. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanarudi nyuma na kulizamisha gurudumu kwa chini, nalo linasimama. Mwenye kiwanda anafidia siku hizo kwa kufanya saa 14 au 15 maji yakiwa mazuri. Na kwa kuwa kijijini watu wazima ni wachache, anategemea watoto zaidi. Sasa leta sheria inayosema mwisho ni saa 12 kwa siku na kazi ya usiku ni marufuku. Mwenye injini ya mvuke Manchester hasumbuki, makaa hayajui kiangazi. Wa mtoni ameumia. Uzi unapungua sokoni, bei inapanda, anayebaki anauza ghali.

Kwa hiyo, Shafti, huenda swali lako limekaa kinyume. Kwa nini tudhani wenye viwanda wote walipinga?

#9 Mzee wa Kumbukumbu

Hoja nzuri, na ina pacha wake Bombay. Viwanda vya pamba vya India vilipoanza kuwabana watu wa Manchester, Manchester yenyewe ndiyo ikawa mbele kudai sheria ya viwanda India. Ikaja mwaka 1881: marufuku chini ya miaka 7, na saa 9 kwa wa miaka 7 hadi 12. Huruma na ushindani walipanda gari moja.

Lakini hoja ya Marvel haielezi 1847. John Bright, mwenye kiwanda Rochdale, na Richard Cobden, wote wanasiasa wa soko huria, walipinga saa 10 hadi mwisho, na kufikia wakati huo mvuke ulikuwa umeshashinda mto. Kwa upande mwingine aliyeibeba sheria Bungeni ni John Fielden, mwenye kiwanda kikubwa cha pamba Todmorden. Masilahi ya mfukoni hayatoshi kueleza.

#10 Wakili wa Kata

Naongeza mawili kuhusu 1847.

Kwanza, mwaka 1846 sheria za kulinda bei ya nafaka zilifutwa. Ulikuwa ushindi wa Cobden na Bright. Wenye mashamba, ambao ni Tory (wahafidhina), walikuwa na hasira. Mwaka mmoja baadaye wengi wao waliipigia kura saa 10. Kuna wanahistoria wanaosema ilikuwa kisasi: mmetuharibia ngano, nasi tutawaharibia saa.

Pili, mwaka 1847 biashara ilikuwa mbaya. Viwanda vingi tayari vilikuwa vinafanya kazi chini ya saa 10 kwa kukosa pamba ya bei nzuri na wateja. Ni vigumu kusimama Bungeni ukasema saa 10 zitakuua wakati kiwanda chako kinafanya saa 8.

#11 Daftari la Nne

Mpaka sasa nina maelezo manne: huruma (ya wapigania saa 10 kama Ashley, Oastler na Sadler), kisasi cha Tory, mvuke dhidi ya maji, na biashara mbaya. Yupi ndiye?

#12 Gurudumu la Maji

Ongeza la tano. Clark Nardinelli, 1980, alisema watoto walikuwa wanapungua viwandani kwa sababu ya mashine zenyewe na kupanda kwa kipato cha wazazi, na kwamba sheria iliharakisha tu. Mule inayojiendesha, aliyoipatia hataza Richard Roberts wa Manchester mwaka 1825 na kuiboresha mwaka 1830, ilibadilisha idadi ya waungaji wanaohitajika kwa kila spindeli.

#13 Pamba Mbichi

Hapo kuna shida. Kazi ya nusu siku kwa watoto viwandani iliendelea mpaka sheria ya elimu ya 1918 ilipoifuta, na utekelezaji wake ulikamilika miaka michache baadaye. Kama mashine zingekuwa zimewaondoa, nani alikuwa bado anaingia asubuhi kiwandani na mchana darasani, akisinzia kwenye dawati?

#14 Wakili wa Kata

Turudi kwenye utekelezaji, kwa sababu sheria isiyopimika haipo.

Mkaguzi anaingia kiwandani. Anaambiwa huyu mtoto ana miaka 13. Atajuaje? Usajili wa vizazi wa serikali Uingereza na Wales ulianza 1837 tu. Wazazi wanaweza kudanganya, kwa sababu mtoto wa 13 analeta ujira mkubwa kuliko wa 12. Sheria ya 1833 ikasema tabibu athibitishe kwamba mtoto ana nguvu na umbo la kawaida la umri huo. Tabibu mmoja anaona mtoto mrefu, anaandika 13. Mwingine anaona mtoto yuleyule, anaandika 11.

Mwaka 1837 daktari wa meno Edwin Saunders aliwachunguza watoto zaidi ya 1,000 na kuonyesha kwamba meno yanatoa umri kwa uhakika kuliko urefu. Gego la pili la kudumu huchomoza miaka 12 hadi 13 hivi. Mtoto mwenye njaa anadumaa kimo, lakini meno hayadumai kwa kiasi hicho. Kwa hiyo "fungua mdomo" ikawa chombo cha sheria ya kazi. Naipenda sana sehemu hii, kwa sababu inaonyesha haki ya mtoto imesimama juu ya kitu kidogo namna gani.

Faini ya 1833 ilikuwa kati ya pauni 1 na 20. Hakimu wa wilaya mara nyingi alikuwa mwenye kiwanda au shemeji wa mwenye kiwanda. Mkaguzi anashinda kesi, hakimu anatoza pauni 1.

Na saa yenyewe! Saa ya ukutani ya kiwanda iliweza kusukumwa nyuma jioni na mbele asubuhi. Sheria ya 1844 ikataka muda upimwe kwa saa ya hadharani, kama ile ya kanisani au ya stesheni. Dakika 5 asubuhi, 5 kabla ya chakula, 5 baada, 5 jioni: dakika 20 kwa siku, siku 6, ni saa 2 kwa wiki.

#15 Shafti Ndefu

Wakili, hapo umenishika. Senior alihesabu nusu saa 23, kumbe sakafuni nusu saa ya 24 ilikuwa inaibwa kwa mafungu ya dakika tano.

Vipi ule ujanja wa zamu baada ya 1848?

#16 Wakili wa Kata

Sheria ya 1847 ilisema saa 10, haikusema zifuatane. Mlango halali ulikuwa wazi kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 2:30 usiku, saa 15. Baadhi ya waajiri wakawaita wanawake na vijana kwa makundi: huyu anaingia, anatoka kwa muda wa saa moja, anarudi, anabadilishwa chumba. Kila mmoja kwenye karatasi ana saa 10. Injini inazunguka 15. Mwanamke yuko barabarani au karibu na lango siku nzima, na mkaguzi hawezi kuthibitisha nani kazidisha.

Februari 1850 mahakama, katika kesi ya Ryder dhidi ya Mills, ikasema sheria haikukataza hilo waziwazi. Mwaka huohuo Bunge likaziba: kazi iwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, saa moja na nusu ya chakula, Jumamosi mwisho saa 8 mchana. Hiyo ni saa 10 na nusu siku tano, na 7 na nusu Jumamosi, jumla 60. Wafanyakazi walipoteza nusu saa kwa siku ili wapate siku yenye mwanzo na mwisho. Wengi waliona ni usaliti.

#17 Bibi Cherahani

Nimesoma kimya mpaka hapa. Hakuna aliyejibu sehemu ya pili ya Mama Hesabu: je, mtu wa saa chache anafanya kazi kwa kasi ileile?

Leonard Horner, mkaguzi wa Lancashire, alitoa taarifa ya kiwanda cha Robert Gardner, Preston. Aprili 1844 kilishuka kutoka saa 12 hadi 11. Baada ya mwaka mmoja uzalishaji ulikuwa uleule kwa gharama ileile, na waliolipwa kwa kipimo walipata ujira uleule.

Zeiss, kiwanda cha lenzi Jena, Ujerumani. Ernst Abbe alishusha saa 9 hadi 8 mwaka 1900 na kuwapima wafanyakazi 233 waliolipwa kwa kipimo. Pato lao la saa moja lilipanda kutoka pfenigi 61.9 hadi 71.9, yaani 16.2%. Zidisha: 8 kwa 9, mara 1.162, ni 1.033. Siku fupi ikatoa 3% zaidi ya siku ndefu.

John Pencavel, 2014, alirudia takwimu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza. Chini ya saa 49 hivi kwa wiki, ukiongeza saa unaongeza bidhaa kwa uwiano. Juu ya hapo kila saa ya ziada inaleta bidhaa pungufu kuliko iliyotangulia.

Kwa hiyo Senior alikosea pia kudhani nusu saa zote 23 zinafanana. Ya 23 ni nyuzi zilizokatika na vidole vilivyochoka.

#18 Pamba Mbichi

Dada Cherahani, nakuunga mkono kwa lenzi, nakupinga kidogo kwa uzi. Mng'arishaji lenzi anaamua kasi yake kwa mkono. Kwenye mule kasi inaamuliwa na injini. Siku ikifupishwa, uzalishaji unarudi ulipokuwa kwa njia mbili: mwenye kiwanda anaongeza mizunguko, au muungaji haachi nyuzi nyingi zikiwa zimekatika kama zamani. Ya pili ni umakini wa mtu aliyelala vizuri. Ya kwanza ni jasho jingi katika muda mfupi. Ukisema "ustawi umeongezeka", lazima useme ni ipi.

#19 Daftari la Nne

Bibi Cherahani kaleta tarakimu, Pamba kaleta mafuta ya mashine. Endeleeni, chai iko jikoni.

#20 Mzee wa Kumbukumbu

Sehemu ya pili ya swali la Shafti: kwa nini waliamini?

Kulikuwa na fundisho la mfuko wa mishahara. Lilisema kwa wakati wowote kuna kiasi maalumu cha mtaji kilichotengwa kulipa wafanyakazi. Gawanya kwa idadi yao, ndio ujira. Ukimpa huyu zaidi, yule anakosa. Ukiuamini mfuko huo, chama cha wafanyakazi ni kugombania mkate uleule, na kupunguza saa ni kupunguza mkate. John Stuart Mill mwenyewe, mwanafalsafa na mwanauchumi wa kiliberali, alilifundisha, kisha mwaka 1869 akakiri hadharani kwamba halisimami.

Na walikuwa na hoja ya mkate halisi: ondoa ushuru wa nafaka, mshahara uleule ununue zaidi. Hilo ni jambo la kweli. Lakini tazama muda uliopita. Mwanahistoria wa uchumi Robert Allen anakadiria kwamba kati ya 1780 na 1840 uzalishaji kwa kila mfanyakazi Uingereza ulipanda 46% na ujira halisi 12% tu. Miaka 60! Mtu aliyezaliwa 1780 aliingia kaburini akisubiri sehemu yake.

#21 Gurudumu la Maji

Allen anapingwa. Lindert na Williamson, 1983, walipata ujira halisi umepanda sana baada ya 1820. Feinstein, 1998, akaurudisha chini, chini ya 15% toka miaka ya 1780 hadi ya 1850. Tofauti kubwa iko kwenye kapu: bei ya mkate, kodi ya nyumba, nguo, siku za kukosa kazi. Ukiweka nguo nyingi kwenye kapu, mfanyakazi anatajirika, kwa sababu kalikoo (kitambaa cha pamba) ilishuka bei kuliko kitu kingine chochote.

#22 Mama Hesabu

Mimi hoja ya Mill iliyonigusa ni ya 1848, kuhusu saa. Ni ya kiliberali kabisa na bado inaruhusu sheria.

Tuseme wafanyakazi wote wangefanya saa 9 badala ya 10 na ujira wa siku ukabaki karibu uleule. Wote wanalitaka hilo. Lakini mmoja akifanya 9 peke yake wakati wengine wanafanya 10, anafukuzwa au anapoteza sehemu ya kumi ya ujira. Na wote wakikubaliana 9, yeyote anayefanya 10 anachuma zaidi ya jirani. Makubaliano yanavunjika hata kama kila mmoja anayataka. Hapo sheria haiwalazimishi kinyume cha utashi wao, inautekeleza utashi wao. Mill hakusema Bunge lipitishe saa 9 kesho. Alisema hoja ya "kila mtu ajiamulie" haitoshi kuikataa.

Lakini Mill huyohuyo alikataa wanawake kuwekwa kundi moja na watoto. Alisema mwanamke mzima anaweza kuamua kama mwanaume mzima.

#23 Bibi Cherahani

Na hapo alikuwa sahihi kwa kanuni na mbali na chumba cha mashine. Mwanamke wa kiwandani mwenye mtoto mchanga nyumbani hakuwa na uwezo wa kumwambia msimamizi "leo natoka saa 11".

#24 Mama Hesabu

Wala mwanaume hakuwa nao, dada. Ndiyo maana nasema hoja ya jirani inawahusu wote, si wanawake tu.

#25 Wakili wa Kata

Kwa wanaouliza huku kwetu Tanzania kunaingiaje: sheria hizi zilitufikia zikiwa zimeshakomaa. Ordinansi ya Viwanda ya Tanganyika ya 1950, Sura ya 297, ilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1937. Kinga za shafti na mikanda, chokaa ukutani, mkaguzi kuingia bila taarifa, vyote vimo. Ilidumu mpaka Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003.

Saa ziko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: siku 6, saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Ovataimu isizidi saa 50 kwa mzunguko wa wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu. Ukifanya kazi saa 5 mfululizo, mapumziko ni dakika 60. Ukikagua kiwanda, anza na daftari la ovataimu na saa ya getini. Yakitofautiana, umeshapata kesi.

#26 Shafti Ndefu

Asanteni wote. Mama Hesabu, nimalizie moja. Kwenye mfano wako, mwenye kiwanda akiongeza kasi ya mule kufidia saa iliyoondoka?

#27 Mama Hesabu

Kasi ikipanda 5%: uzalishaji ni 21/23 mara 1.05, yaani 95.9% ya mwanzo. Mauzo 110,250. Pamba na makaa 57,522, mishahara 33,554, zisizobadilika 10,000. Faida 9,174. Ili arudi 10,000 anahitaji kasi 9.5% zaidi.

#28 Pamba Mbichi

Ngoja. Kasi 9.5% zaidi kwa pamba ileile, nyuzi zitakatika mpaka muungaji ashindwe. Ni lazima anunue pamba ya nyuzi ndefu, ambayo ni ghali. Weka gharama ya pamba na makaa ipande 4%.

#29 Mama Hesabu

60,000 inakuwa 62,400. Faida 7,600. Ni chini ya ile 8,260 ya kupunguza saa bila kugusa kasi. Mpaka wake ni 2.9% hivi: gharama hiyo ikipanda zaidi ya hapo, ni heri azime injini mapema na watu waende nyumbani.

#30 Mzee wa Kumbukumbu

Na mavuno ya pamba ya Marekani ya 1846 yalikuwa mabaya, bei ikaruka Liverpool. Rudini post #10, muisome tena mkiwa na hiyo 2.9% mkononi.